Ile Taa Ikizimika Ndipo Nitalala

Atupele binti yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Basi lako ni kesho asubuhi na mimi ndiyo kwanza nashika kalamu. Wiki nzima nilijiambia nitaandika leo, nitaandika leo. Jioni ikifika mdogo wako Gwamaka anaanza kulilia yale meno yake ya nyuma yanayoota, nambembeleza mpaka alale, na akilala nakuta na mimi nimeshalala, nimekaa vilevile, khanga begani. Lakini nisimsingizie mtoto. Sababu nyingine unaijua. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikiandika nimekasirika naandika amri tupu.

Leo mvua imenisaidia. Hakuna anayeleta gari kuoshwa kwenye mvua kama hii. Mashine nimeizima, wasichana nimewaruhusu warudi kwao, Gwamaka amelala juu ya gunia la pumba mdomo wazi. Wewe uko kwa bibi yako unaagwa, na ninavyomjua bibi yako hutatoka huko kabla hajakushindilia ndizi na samaki mpaka ushindwe kufunga mkanda. Kwa hiyo nina nafasi. Barua hii nitaichomeka kwenye pochi ya leseni yako, maana leseni utaitoa kabla hujashika usukani wa watu. Nataka uisome kabla, si baada.

Mambo ya kula, kulala, marafiki na kusali sitayasema. Kama sikukufundisha hayo tulipokuwa tunalala chumba kimoja, karatasi haitayaweza. Nina jambo moja tu. Ni kile kitufe cha kuzima mtambo unaozuia gari kuteleza.

Tajiri wa Dar amekupa kazi ya kuleta magari ya IT, yale yanayoshuka bandarini kutoka Japani na kupita hapa kwetu Kasumulu kwenda Malawi. Na gari yako ya kwanza, ulivyoitangaza mwenyewe mpaka majirani wakatoka nje, ni ya spoti. Milango miwili, inasukumwa na tairi za nyuma, injini kubwa kuliko mwili wake. Nilifurahi, Atu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Halafu ikaja ile siku ya gari nyeupe.

Unakumbuka ilivyokuwa. Dereva wake aliomba chai, akakupa ufunguo uisogeze tu hapa chini ya bati. Sakafu imejaa povu. Ipyana, mtoto wa mjomba wako, ameshika simu anarekodi.

"Atu! Hebu zima hiyo takataka tuone. Wewe ni dereva au ni abiria mwenye leseni?"

"Nikizima utakimbia wewe," ukamjibu, unacheka.

"Nikimbie? Mimi? Zima!"

Ukashikilia kitufe mpaka taa ikawaka, ukakanyaga mafuta. Mkia wa gari ukazunguka kwenye povu kama unavutwa na mtu, ukapiga ile ndoo ya bluu anayopenda kukalia Gwamaka ninapoosha. Ndoo ikapasuka vipande viwili. Gwamaka alikuwa mgongoni kwangu. Kila siku nalalamika kwamba mtoto huyu hataki kushuka mgongoni, kwamba kiuno kinaniuma, kwamba nimechoka. Tangu siku hiyo sijalalamika tena, hata kama hukuona.

Nilikupigia kelele mbele za watu. Nilisema kama ndivyo unavyoendesha, mpigie tajiri umwambie huendi. Kwa kelele ile naomba radhi, si kwa maneno yenyewe. Ukashuka, ukafunga mlango polepole, na upole wako ule ndio ulioniumiza, ukasema, "Mama, unaogopa kwa sababu wewe ulianguka. Mimi siyo wewe."

Tangu hapo tunaishi kama wapangaji, salamu tu. "Ugonile, mama." "Ndaga, ugonile." Halafu kila mtu kwenye ndoo yake.

Neno lako nimelizungusha kichwani siku zote hizi, nikiosha, nikichambua mchele, nikimpangusa ndugu yako makamasi. Na nimeona kwamba ni kweli. Wewe siyo mimi. Mimi nilikuzaa nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, shule nikaiacha kidato cha pili, na nilianza kuosha magari pale mpakani wewe ukiwa mgongoni, kama Gwamaka alivyo leo. Wewe umemaliza shule. Una macho mazuri zaidi barabarani, una mkono mtulivu. Siku uliyorudisha nyuma lile lori la mchele kwenye uchochoro wa sokoni, nilijificha nyuma ya duka nikuangalie usinione. Nililia kidogo. Sikukwambia, kwa sababu nilifikiri sifa zitakuharibu. Labda kama ningekusifu mimi, usingezihitaji sana sifa za Ipyana.

Lakini barabara, mwanangu, ni ileile moja. Haijui kama aliyeshika usukani ni mimi au ni wewe.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Salimu wa duka la spea mjini, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa. Wewe unamjua akiwa mzee wa kusinzia dukani, lakini alikuwa dereva wa malori. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, nenda Lyulilo kwenye mnada, kanunue chungu cha Wakisi. Kisiwe kikubwa. Na ulipe mwenyewe." Nikadhani ni cha mke wake. Nilipokileta akakijaza maji karibu na ukingo, akakiweka kiti cha mbele, pembeni yangu, yeye akakaa nyuma.

"Haya, tupeleke Ipinda. Maji yakimwagika unapangusa wewe. Chungu kikivunjika unarudi Lyulilo."

Nilirudi Lyulilo. Nikarudi tena. Mara ya tatu yule mama wa Kikisi aliniangalia akaniuliza, "Dada, huko kwenu vyungu mnapikia au mnapigania?"

Kile cha mwisho ndicho kilichopo dirishani kwetu, chenye ufa na mchaichai ndani. Ulikuwa unaniuliza kwa nini sikitupi. Kile ndicho kilichonifundisha kwamba gari inaelewa mguu unaoshuka taratibu na mkono usioshtuka. Breki ikanyagwe kama unamlaza mtoto chini hutaki aamke.

Magari ya Mzee Salimu hayakuwa na mitambo ya kumsaidia dereva. Haya ya sasa yanayo, na watu wengi hata hawajui inafanya nini. Ipyana anafikiri ni kitu cha kuwabana wenye uwezo. Mimi nimekuja kuielewa kwa kukumbuka ndoo ya maji. Wewe umebeba maji kichwani tangu ukiwa mdogo. Ukipita kwenye tope mguu unateleza kidogo, na kabla hujajua kama umeteleza, shingo imeshajirekebisha na maji yametulia. Hukuiamuru. Ingekungoja uiamuru, ungekuwa umeshaloa.

Gari hizi zimepewa shingo. Kuna kazi ya kwanza: tairi ikianza kuzunguka bure bila kushika chini, mtambo unapunguza nguvu ya injini, au unaibana ile tairi peke yake, mpaka ishike tena. Kuna na ya pili, ambayo ni kubwa zaidi: mtambo unaangalia usukani umeelekea wapi na gari yenyewe inaelekea wapi. Vikipishana, unabana breki ya tairi moja tu, ile inayofaa, kuirudisha gari kwenye njia yako. Mguu wako hauwezi kubana tairi moja, Atu. Wa Ipyana pia hauwezi. Hakuna mguu wa mtu unaoweza.

Lakini shingo ni shingo. Ukikimbia na ndoo kwenye utelezi, hakuna shingo itakayokuokoa. Ndiyo maana sisemi uuamini mtambo kuliko akili yako. Ukiingia kona kwa kasi ambayo tairi haziwezi, utatoka nje ya barabara, taa zote zikiwaka na mtambo ukifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye siku ile ya gari ya bluu, niliyoanguka nayo. Wewe unaisimulia kama kichekesho, na kweli ina vichekesho vyake. Lakini ulikuwa mtoto, ulikuwa unaangalia nje kuona nani anakuona. Mimi ndiye niliyekuwa naiangalia taa.

Enzi hizo nilikuwa dereva wa magari ya IT kama wewe sasa, na gari ile nilikuwa nimeitoa Dar salama. Mlima Kitonga nimepita, Uyole nimekunja, Tukuyu mvua na ukungu vimenipiga, na gari imetulia kana kwamba imefungwa kamba barabarani. Nilitakiwa ninyooshe mpaka mpakani, nikabidhi, nipande bodaboda nije nyumbani. Badala yake nikaikunja nikaingia njia ya kijijini kwetu Njisi. Ulikuwa umeniambia kwamba watoto wa darasani kwenu wanasema mama yako si dereva, anaosha tu. Nikasema leo wataona.

Na waliona. Gari ilikuwa chini kiasi kwamba bata alisimama mbele yake tukatazamana, mimi na bata, macho kwa macho. Wewe ulikuja mbio na sare yako ya shule, umevimba kama wewe ndiye umeinunua. Bibi yako aliigusa boneti kwa nyuma ya kiganja, kama anavyopima mtoto homa.

"Mbona ina joto? Inaumwa?"

"Haiumwi, mama. Imetoka mbali."

"Na imetoka mbali hivyo haina hata kiti cha mtu wa tatu?"

Halafu mvua ikashuka. Ile njia katikati ya majaruba ya mpunga unaijua inavyokuwa. Nilipogeuza kurudi, tairi za nyuma zikazama. Nikikanyaga mafuta, injini inaguna, nguvu inakatika. Nakanyaga tena, inakatika tena. Ni ule mtambo: uliona tairi zinazunguka bure, ukanibana. Mimi nikaona gari inanidharau mbele ya mtaa mzima.

Wanaume wakaja kufanya kama tunavyofanya siku zote huku kwetu. Huyu na gunia la pumba za mpunga, yule na vipande vya mgomba, vikawekwa chini ya tairi. Mmoja akapaza sauti, "Dada, kuna kitufe hapo! Kizime, kinakunyima nguvu!"

Alikuwa sahihi. Naandika hivi makusudi ili usifikiri nakwambia kitufe kile kiliwekwa na shetani. Kwenye tope au kwenye mchanga mzito unahitaji tairi zizunguke, zichimbe, zitoke. Hapo unazima, kwa mwendo wa kobe, na watu wakae mbali na mkia. Kwenye magari mengi ya namna ile, ukibonyeza kidogo unaondoa ile kazi ya kwanza peke yake, ya kuzuia tairi kuzunguka bure. Kubonyeza kidogo kungenitosha. Mimi nilikishikilia kwa hasira mpaka taa ya njano ikawaka, na kumbe nilikuwa nimeondoa na shingo.

Gari ikatoka. Pumba zikaruka zikawajaa watu usoni, kelele, vicheko, bibi yako anapiga vigelegele. Hapo ndipo palikuwa pa kuzima injini na kuwasha upya. Basi, hilo tu. Gari nyingi ukiziwasha upya mtambo unarudi wenyewe. Au ningebonyeza tena kile kitufe. Sikufanya hata kimoja. Nani anazima injini wakati anashangiliwa?

Na wewe ulikuwa umeshashika mlango. "Mama, nipeleke mpaka kwenye lami tu! Mpaka lami tu halafu nitarudi kwa miguu!" Nikakupandisha. Mkanda nilikufunga mwenyewe, na kwa hilo namshukuru Kyala, Mungu wetu, kila nikiuona ule uvimbe mdogo kwenye mtulinga wako.

Taa ilikuwa inawaka. Ile yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Niliiona, na nilifurahi kuiona. Nilidhani inawaka kama taa ya nyumbani inavyowaka, kwamba kitu kipo, kinafanya kazi, kinanilinda. Chini ya ile picha kulikuwa na vijineno vidogo vya Kiingereza. Hata sikuvisoma. Nilipita njia yote ile naamini kwamba nalindwa, na kile nilichokiona kuwa mlinzi ndicho kilichokuwa kinaniambia kwamba mlinzi hayupo.

Tukapanda lami. Mifereji ya tairi imejaa matope na pumba, lami imelowa, kona ile ya shamba la kokoa iko mbele. Ukasema, "Mama, kimbiza kidogo." Nikakanyaga kidogo. Kidogo kweli, Atu, kama nilivyokanyaga njia nzima kutoka Dar. Ila njia nzima kutoka Dar nilikuwa na mwenzangu.

Mkia ukatoka. Nikashtuka, nikaachia mafuta ghafla, na kuachia ghafla kwenye kona na gari inayosukumwa na tairi za nyuma ni kama kuuambia mkia uendelee. Nikakata usukani kupita kiasi, mkia ukarudi upande wa pili kwa nguvu zaidi. Chungu chote cha Mzee Salimu kilinitoka kichwani. Nilikuwa naangalia mti. Sijui ningefanya nini kingine, lakini najua kwamba nilikuwa naangalia mti badala ya kuangalia njia, na mikono ikapeleka gari mahali macho yalipo.

Pua ikaingia mtaroni, mkia ukabaki juu, kokoa zikaanguka juu ya bati la gari moja moja. Wewe unachokumbuka ni zile kokoa. Huwa unaigiza sauti yake watu wacheke. Mimi nakumbuka ukimya wako kabla hujalia.

Bibi yako alifika amebeba mchi, sijui alitaka kumpiga nani. "Mtoto yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akakushika, akakupapasa, akaona unalia kwa sauti nzuri yenye nguvu. Ndipo akaigeukia gari. "Ulisema unakuja kunionyesha. Nimeona. Nimeona mpaka tumbo lake."

Hata mimi huwa nacheka hapo. Lakini baada ya hapo simu yangu iliacha kuita. Dereva aliyetoka nje ya njia na gari ya mteja, tena na mtoto ndani, hakuna tajiri anayemtafuta, na wala sikuwalaumu. Nikarudi kwenye ndoo na sabuni. Watu wanasema niliacha kuendesha kwa woga, na nadhani ndivyo hata wewe ulivyoelewa. Si kweli. Wewe mwenyewe umeniona nikisogeza magari ya kila aina hapa kwenye bati, na mkono wangu haujawahi kutetemeka. Mimi siogopi gari. Kitu ninachokiogopa mpaka leo ni kushangiliwa.

Angalia, mwanangu. Mara ile, mtambo ulikuwa umezimwa, huku watu wanashangilia. Wiki iliyopita, mtambo umezimwa, huku Ipyana anarekodi. Siku ile bibi yako alikuwa na vigelegele, siku hizi kuna simu, lakini ni kitu kilekile kinachoingia masikioni na kuujaza mguu. Ukiwa peke yako barabarani hutazima, najua, una akili. Nakuhofia pale Makambako kwenye kituo cha mafuta, madereva wenzako wote wanaume, wewe binti peke yako, mmoja anasema, "Dada, hiyo unaiweza kweli au umepewa tu?" Hapo ndipo nitakapokuwa nimekaa mimi, kwenye kiti cha pembeni, kama chungu.

Mjibu utakavyo. Una mdomo, nimekuzaa nao. Ila mkono usiende kwenye kitufe.

Kuna mambo machache Mzee Salimu angetaka nikwambie, na jana alinikumbusha. Aliamka kabisa usingizini alipokusikia unaenda. Magari haya hukaa sana melini na bandarini, tairi zinakauka, zinakuwa ngumu kama kwato hata kama bado zina meno. Ziguse kwa kucha kabla ya safari, uzijaze upepo sawasawa. Mtambo unaokoa kwa kutumia tairi; tairi kama haishiki, hauna cha kutumia. Na ukipata pancha ukafunga ile tairi ndogo ya akiba, nenda nayo taratibu mpaka kwa fundi wa karibu tu. Alisema, "Mwambie avae kandambili mguu mmoja na buti mguu wa pili, halafu ajaribu kukimbia. Atakavyochanganyikiwa yeye, ndivyo na ule mtambo." Halafu akaniuliza kama kile chungu bado kipo. Nikamwambia kipo, kina mchaichai. Akacheka mpaka akakohoa.

Na hiyo taa, uijue kama unavyojua sura yangu. Ukifungua ufunguo kabla injini haijanguruma, itawaka pamoja na taa nyingine. Ni gari inajikagua. Injini ikishanguruma, inatakiwa izimike. Ikizimika, mwenzako yupo kazini, kimya. Ikipepesa ukiwa unaendesha, anakuokoa muda huohuo, anakwambia, "Dada, hapa panateleza." Usimkasirikie, usiongeze mafuta, legeza mguu polepole, macho yaende unakotaka kufika. Ikiwaka ikaganda, hayupo. Ama umemfukuza ama anaumwa. Simama mahali pazuri, zima, washa upya. Ikibaki inawaka, piga simu kwa tajiri na uende kama anayebeba maji. Tajiri akinuna, mwache anune.

Kutoka Uyole kushuka kuja nyumbani ndiko ninakokuhofia kuliko Kitonga. Kitonga kila mtu anaiogopa, kwa hiyo kila mtu anakuwa na adabu. Huku kwetu dereva ameshanusa nyumbani, anaona migomba, anawaza ubwabwa, na lami ya Tukuyu haikauki. Mimi ndiko nilikoanza kuwaza sifa. Nyumbani hakuondoki, Atu. Utatukuta.

Sikuombi uogope. Nilisema usiende, nafuta. Nenda. Nimekaa na hofu hii nikaipima, nikaona kwamba nikikuzuia nitabaki na wewe hapa umeninunia mpaka tuzeeke wote, na ndoo itakufanya uchoke kama ilivyonichosha mimi. Sikukuzaa mapema hivyo ili uje kunisaidia kuchoka. Nenda ukaendeshe. Na siku ukishusha kioo pale Kasumulu ukaniita kwa sauti mbele ya wale wanaume wote, "Mama, nioshee hii!", nitaiosha bure, nitaiosha mpaka chini ya tumbo, na nitakushangilia mimi mwenyewe, lakini ukiwa umeshazima injini.

Gwamaka anaamka, nasikia anagugumia. Mvua imepungua na hivi karibuni utatokea hapo njiani na mzigo wa bibi yako kichwani, shingo imenyooka. Nitajifanya nilikuwa napanga masufuria.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, kwa miaka yote uliyokuwa mkono wangu wa pili. Sasa ukipata nafasi huko, na si vyote kwa mara moja, bado nahitaji hivi:

Viatu vya Gwamaka vya kubandika, visivyo na kamba, uchague vipana. Mguu wake ni wa babu yako.

Brashi ya kuoshea rimu yenye mpini mrefu. Hii yangu imebaki mpini.

Mpira wa mashine ya maji, ule mweusi mgumu, na kiungio chake cha shaba, maana hivi vya hapa vinavuja.

Ndoo moja ya bluu yenye mfuniko mgumu, inayoweza kukaliwa na mtoto.

Mafuta ya nazi ya bibi yako, ya pwani hasa, anasema haya ya dukani yanamdanganya.

Na kila safari, ukishasimama Uyole kabla ya kuanza kushuka, picha moja ya dashibodi. Sihitaji sura yako, sura naijua na inajua kunidanganya. Gari iwe imesimama, breki ya mkono juu, injini inanguruma, na pale panapokaa ile taa pawe peusi.

Mama yako